Msibandue Kile Kikaratasi cha Skrini

Vijana wangu wa ofisi ya Kariobangi, nimesikia mmepaka rangi, mmebadilisha pazia, na mmemtoa yule paka. Vizuri. Paka nilimvumilia tu. Lakini nimesikia pia kwamba mmoja wenu alitaka kubandua kile kikaratasi chembamba kilichobandikwa kwa selotepu kwenye ubavu wa kulia wa ile skrini kubwa, akidhani ni uchafu wa mama mzee. Msikibandue. Kaeni niwaeleze ni cha nini. Nitazunguka kidogo, mnanijua, lakini nitafika.

Shule niliiachia darasa la nne kule kwetu Kakamega, na msinionee huruma, maana hata hilo la nne nilikuwa nimelichoka. Nilikuja Nairobi nimeolewa, tukakaa Huruma, na kazi yangu ya kwanza ya uchapishaji ilikuwa kukunja karatasi kwa mkono. Kukunja tu, mchana kutwa, hadi vidole vinang'aa. Baadaye wakanifundisha kubandika filamu za kurasa kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, na wembe, na brashi ya kufunika vitundu vidogo ili visitoke kama madoa. Halafu kompyuta ikaja. Wenye shule waliogopa kuiharibu. Mimi sikujua kwamba inaharibika, nikaizoea kabla yao.

Sasa hapa niwaambie ukweli. Miaka mingi nilitengeneza PDF za kwenda kiwandani bila kusoma neno. Nilikuwa nahesabu. Fungua orodha ya kwanza, shuka mara kumi na moja, bonyeza. Kidirisha kikitokea, chagua ya nne kutoka juu. Basi. Mtu akinisemesha katikati ya kuhesabu nilikuwa naanza upya, kama mtu anayesali rozari na jirani mwenye kelele.

Siku moja mtu wa kompyuta akaja akatuwekea programu mpya. Hakuna aliyeniambia kwamba orodha nayo inaweza kuhama nyumba. Ile ya nne ikawa si ya kiwandani tena, ikawa ile ndogo kabisa, ya kutuma kwa simu. Nikatuma kitabu cha nyimbo cha kwaya moja ya Dandora. Jalada lilikuwa na picha ya msalaba juu ya kilima. Lilipotoka, msalaba umekuwa vipande vipande vya mraba. Kiongozi wa kwaya alilishika akaligeuza, akaligeuza tena.

"Mama," akaniuliza, "huu ni msalaba ama ni ghorofa?"

Siku hiyo ndiyo nilijifunza kusoma. Wala sikurudi shule. Nilichukua daftari, nikaandika jina la kila kitufe na kazi yake kwa Kiswahili changu, na nikawa sibonyezi kitu nisichojua jina lake. Nanyi muwe hivyo. Kitu kikiwa mahali pake pa jana si hoja. Soma jina lake.

Nimepotea. Kikaratasi.

Lazima kwanza mumjue Okumu. Okumu alikuwa mkataji karatasi katika kile kiwanda cha Industrial Area tulikokuwa tukipeleka faili zetu. Mtu mwembamba, penseli sikioni, sauti kubwa kwa sababu ya mashine. Alikuwa haongei Kiswahili bila kucheka. Aliniita Nyar Kakamega, yaani binti wa Kakamega kwa Kijaluo chake, hata nilipokuwa na wajukuu. Kazi yake ilikuwa ya mwisho: karatasi zikishachapwa, yeye huzipanga rundo chini ya kile kisu kirefu na kuzikata zipate ukubwa wake.

Yeye ndiye aliyenieleza kile mnachokiita bleed. Alichukua rundo, akalikata, akatoa karatasi ya juu na ya chini, akaziweka pamoja mbele ya dirisha. Hazikuwa sawa. Ya chini ilikuwa imevutwa kidogo, upana wa uzi.

"Unaona? Kisu kikishuka, karatasi inakimbia," akasema. "Sasa wewe ukiniletea rangi inaishia pale pale nakata, nikikosa kidogo tu unapata mstari mweupe. Nipe ya ziada. Milimita tatu kila upande, ya kutupa. Na kitu unachokipenda usikiweke karibu na ukingo. Mimi nakata penye umeniambia. Kisu hakijui mtu."

Alikuwa na tabia moja. Kabla ya kukata kazi yoyote, alikata karatasi moja tu, akaiweka mezani, akazungusha kidole ukingoni pande zote nne, polepole, akitaja kwa sauti kila kitu kidole kilichokipita. "Anga. Anga. Paa. Mti. Jina la kanisa, liko mbali, sawa." Wenzake walimcheka. Mimi pia nilimcheka. Nilimcheka hadi ile Jumamosi.

Mama mkwe wangu alikuwa Mama Truphosa. Fundi wa nguo. Cherehani yake ilikuwa mlangoni mwa nyumba yake pale Huruma, nyumba ya chini, na tepu ya kupimia shingoni kila siku kama shanga. Ndiye aliyeshona sare za akina mama wote wa kanisa letu: gauni la samawati, kola nyeupe, kitambaa cheupe cha kichwa. Alinipenda kwa namna yake, lakini kazi yangu hakuielewa. Aliiita kazi ya kutazama. "Mama Kelvin ameenda kutazama," angewaambia majirani. "Akimaliza kutazama atarudi apike."

Mwaka mmoja akina mama wakaamua wawe na kalenda yao. Karatasi moja kubwa ya ukutani, juu picha yao, chini miezi yote. Nani ataipanga? Rosebella, yaani mimi, si ndiye anayetazama.

Siku ya kupiga picha, mpiga picha akataka safu mbili mbele ya kanisa. Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Safu mbili maana yake kuna wa nyuma.

"Mimi nimeimba hapa kabla hujazaliwa," mmoja akamwambia mwenzake.

"Basi kaa chini, mama, upumzike, umechoka kuimba."

"Nikae chini nionekane mguu wangu mbaya?"

Mwisho wakasimama safu moja ndefu, ishirini na kitu, kutoka dirisha la kwanza hadi mlango wa ofisi ya mchungaji. Mpiga picha akarudi nyuma hadi akaingia kwa barabara. Na kila mmoja alikuwa anasukuma kuelekea katikati, isipokuwa mama mkwe wangu. Yeye alitoka katikati, alipokuwa amewekwa kwa heshima, akaenda akasimama mwisho kabisa, upande wa kulia ukitazama picha.

"Mama, njoo huku katikati," nikamwambia.

"Katikati mkono hauonekani," akasema, akanyoosha kola, akauweka mkono wa kushoto mbele kidogo, nje ya gauni.

Mkononi alikuwa amevaa saa. Saa ya kiume, kubwa, ukanda wake umetobolewa tundu jingine kwa mkasi ili utoshe. Ilikuwa saa ambayo baba mkwe alipewa alipostaafu kazi ya reli. Alikuwa amefariki kitambo, na saa nayo ilikuwa imesimama, saa nne kasoro robo, na mama hakutaka fundi aiguse.

Wiki iliyofuata alinipitia jikoni.

"Mama Kelvin. Saa itaonekana?"

"Itaonekana, Mama."

"Kwa sababu hiyo kalenda nataka niende nayo nyumbani mwezi wa kwanza, niitundike pale sebuleni, ukuta wa mbele ya picha ya mzee. Aone kwamba bado ninaivaa."

"Nimekuambia itaonekana."

Hakuna kitu alichowahi kuniomba kabla ya hapo, zaidi ya chumvi.

Basi nikaipanga. Picha nikaiweka juu, kutoka ukingo hadi ukingo, sawasawa, inapendeza. Mpiga picha alikuwa ameikata yeye mwenyewe kabla ya kuniletea, imeishia pale pale baada ya mkono wa mama. Nje ya mkono hapakuwa na kitu, hata ukuta wa kanisa. Alhamisi nikatuma. Baada ya saa moja simu ikalia. Ni Wambui, yule msichana wa kiwandani aliyekagua faili.

"Sasa auntie. Faili yako nimeirudisha. Picha inaishia penye kisu, hakuna bleed."

"Naongeza sasa hivi."

"Tafadhali, nafunga kazi za wiki."

Hapa ndipo nilipokosea, na sikilizeni vizuri kwa sababu nawajua, mtafanya vivyo hivyo. Nilishika picha kwenye pembe, nikaivuta ikawa kubwa kidogo hadi ikazidi ukingo milimita tatu pande zote. Bleed imepatikana. Nikatengeneza PDF, nikaangalia kama vialama vya kukatia viko kwenye pembe, viko. Kama herufi zimefungwa ndani ya faili, zimefungwa. Kompyuta ikanyamaza. Kompyuta ikinyamaza unafikiri imekubaliana nawe, kumbe imekuachia tu. Sikujiuliza: picha ikikua, kilichokuwa ukingoni kinakwenda wapi? Ile ziada si kitu kipya kilichotoka mbinguni. Niliitoa kwenye picha ile ile. Na kilichokuwa mwisho wa picha upande wa kulia kilikuwa mkono wa mama mkwe.

Ningetuliza akili ningejua la kufanya. Picha isiyo na nafasi ya kutupa usiifikishe ukingoni. Iwekee mpaka mweupe kuizunguka, ikae kama iliyo kwenye fremu, basi, hakuna haja ya ziada yoyote. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini nilikuwa naharakisha kumfurahisha Wambui.

Jumamosi asubuhi nikaenda kuchukua kalenda, maana zilitakiwa kugawiwa Jumapili baada ya ibada. Nikamkuta Okumu ameshapanga marundo. Alikuwa ameshakata ile karatasi yake moja, na kidole kiko kazini. "Ukuta. Ukuta. Dirisha. Mama mnene, yuko mzima." Kikafika upande wa kulia kikasimama.

"Nyar Kakamega. Kuja hapa. Huyu mama wa mwisho mko na kesi na yeye?"

"Kesi gani?"

"Mbona mmemkata mkono?"

Nikatazama. Mama Truphosa alikuwa pale, kola nyeupe, uso mzuri, na mkono wake wa kushoto unashuka ndani ya mkono wa gauni, unashuka, halafu unaisha. Hakuna kiganja, hakuna saa. Kama kwamba mtu ameuingiza nyuma ya mlango.

"Huyo ni mama mkwe wangu," nikasema.

Okumu akatoa penseli sikioni, akaiweka mezani. "Basi kesi iko."

Nikamweleza yote. Reli, saa, sebule, ukuta wa mbele ya picha. Nilikuwa nimekaa juu ya boksi la karatasi. Kuchapa upya kusingewezekana: mashine ilikuwa imeshafungiwa kazi nyingine, na kesho ni Jumapili. Nilikuwa naona uso wa mama akiitafuta saa. Angeikunja kalenda vizuri, aiweke kabatini, na asiniombe tena kitu hadi afe.

Okumu akainama chini ya mashine, akapekua vipande vilivyoanguka, akaokota ukanda mmoja mwembamba kama utambi. Akaunyoosha kwenye mwanga. Katikati ya ule ukanda palikuwa na kiganja, na juu yake nukta ya fedha. Saa. Nzima.

"Haijapotea," akasema. "Iko kwa ziada."

"Na ziada ni ya kutupa."

"Ni ya kutupa nikikata penye umeniambia. Si sasa uniambie pengine?"

Alikuwa anamaanisha hivi: upande wa kulia tu, asikate kwenye alama, akate nje zaidi, pale saa inapoishia na kabla weupe wa karatasi haujaanza. Kalenda itoke pana kidogo kuliko ilivyopangwa, nani ataipima? Lakini kati ya saa na weupe palikuwa na nafasi ya unywele. Akivuka, mstari mweupe. Akipungukiwa, saa nusu. Na mnakumbuka rundo kubwa linakimbia.

"Tutakata kidogo kidogo," akasema. "Wewe unanigongea zikae sawa. Na usiniongeleshe."

Okumu kusema asiongeleshwe. Nikajua mambo ni mazito.

Basi nikawa ninachukua karatasi chache, nazigonga mezani pande mbili hadi zikae kama kitu kimoja, nampa. Yeye anaweka kadibodi ngumu chini yake, anabana taratibu, anainama hadi jicho likaribie kisu, anakata. Anazungusha kidole. Hataji kitu, kidole tu. Kikifika kulia anatikisa kichwa, nami nampa nyingine. Asubuhi ikaisha hivyo, na mchana ukaanza, na watu wa mashine nyingine walikuja kutazama wakaondoka. Chache zilitoka na weupe. Tulizitenga, baadaye zikaenda kwa kwaya ya vijana, ambao hawaangaliagi kitu.

Alipomaliza akarudisha penseli sikioni. "Msalimie mama mkwe," akasema, na kicheko chake kikarudi. "Mwambie mwaka ujao aweke mkono mfukoni."

Ule ukanda wa kwanza niliutia kwenye mkoba.

Jumapili zikagawiwa. Mnajua watu na picha: kila mmoja hujitafuta kwanza, akijipata hana habari na wengine. Mama Truphosa alitoa miwani, akaifuta kwa kitambaa cha kichwa, akaivaa. Alitazama mwisho wa safu muda mrefu.

"Iko," akasema.

Ningeachia hapo, na ningekuwa binti mkwe mwenye akili maisha yangu yote. Lakini tulirudi kwake kula, na baada ya kula akaitandaza kalenda juu ya meza ya cherehani, kwa sababu fundi ni fundi hata Jumapili. Akainamisha kichwa. Akaenda kuchukua tepu.

"Hii miezi haijakaa katikati," akasema. Akapima kushoto, akapima kulia. "Kushoto nusu inchi. Kulia nusu inchi na kitu. Upande wangu umezidi."

Nikajifanya nafunika sufuria.

"Mama Kelvin."

"Ee, Mama."

"Nani aliikata hii?"

"Kuna mzee wa kiwandani, anaitwa Okumu."

"Na nani alimwambia upande wangu uzidi?"

Ningesema ni mashine. Watu wa kazi yetu husema ni mashine. Badala yake nilifungua mkoba, nikatoa ule ukanda, nikauweka juu ya meza mbele yake. Nikamweleza kuanzia Alhamisi. Sikuacha kitu, hata pale nilipovuta pembe bila kufikiri.

Aliushika ukanda kwa ncha za vidole kama uzi wa hariri. Alipoona kile kiganja chake na saa, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka hadi akatafuta kiti.

"Miaka yote hii nakata nguo mbele yako," akasema. "Umewahi kuniona nikikata kitambaa sawasawa na kipimo cha mtu?"

"Hapana."

"Ningefanya hivyo mngekuwa mnaenda kanisani uchi. Lazima uache ya kukunja. Na hiyo ya kukunja hutaitoa kwa tumbo la mtu, unaiacha nje ya tumbo. Kumbe kazi yenu ni ushonaji." Akafuta macho. "Mimi nilifikiri mnatazama tu."

Kuanzia siku hiyo hakuiita tena kazi ya kutazama. Kila nilipopita mlangoni kwake nikienda kazini aliniuliza swali moja, badala ya salamu: "Umeacha ya kukunja?" Na nikijibu haraka sana aliniambia nirudi nikaangalie.

Kalenda aliipeleka nyumbani mwezi wa kwanza. Miezi yake iliisha zamani, na mama naye amelala kule kando ya mzee, lakini bado iko ukutani sebuleni, na hakuna mtoto anayethubutu kuitoa. Mimi nilipokwenda krismasi niliitazama. Wote ishirini na kitu wamefifia kidogo, samawati imekuwa kijivu. Upande wa kulia bado umezidi.

Ukanda alinirudishia siku ile ile. "Ubandike pale macho yako huchokea," akaniambia, na ndicho kile kikaratasi kilicho kwenye ubavu wa kulia wa skrini.

Kwa hiyo mkimaliza faili zenu, na alama zote za ukaguzi za programu zimekuja kijani, iwekeni mikono mbali na kipanya kidogo. Zungusheni kidole kwenye ukingo wa ukurasa, pande zote nne, mtaje kila mnachopita. Skrini itachafuka, mtaifuta. Mkikuta mtu amesimama mwisho kabisa, mjiulize kwa nini alichagua kusimama hapo. Mkifika kulia kidole kitagusa kile kikaratasi. Mishale ya saa hamtaiona, ni nukta tu, lakini mimi nimeshawaambia ni saa ngapi.